Mashine pepe ikihamishwa bila kuzimwa, diski ndiyo ya kuangaliwa kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumze na mafundi wenzangu wa kompyuta, pamoja na wakuu wa ofisi wanaosaini vibali vya matengenezo. Makala nyingi za teknolojia husema kwamba siku hizi seva inaweza kufanyiwa matengenezo mchana kweupe, kwa sababu mashine pepe zilizomo (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva moja) huhamishiwa seva nyingine huku zikiendelea na kazi, na mtumiaji hajui lolote. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Memori huhama vizuri. Kinachokwama mara nyingi ni hifadhi ya data, na ikikwama hapo mfumo mzima huonekana umekufa ingawa kila taa ni ya kijani.

Teknolojia yenyewe si ya jana. VMware iliitoa kwa jina la vMotion mwaka 2003, na KVM, mfumo wa kuendesha mashine pepe kwenye Linux, uliingia kwenye kerneli (kiini cha Linux) toleo 2.6.20 mwaka 2007. Kanuni ni ile ile kila mahali. Programu hunakili memori yote ya mashine kwenda seva mpya huku mashine ikifanya kazi. Kurasa za memori zilizobadilika wakati wa kunakili hunakiliwa tena, raundi baada ya raundi, mpaka zilizobaki ziwe chache kiasi cha kupelekwa kwa mkupuo mmoja. Hapo mashine husimamishwa, mabaki hupelekwa, nayo huamka upande wa pili. Katika QEMU, programu inayoendesha mashine pepe pamoja na KVM, muda wa kusimama unaoruhusiwa umewekwa milisekunde 300, fundi asipoubadilisha.

Sasa tazama kilichoachwa nje ya hesabu hiyo. Hizo milisekunde 300 hukadiriwa kwa kuchukua memori iliyobaki na kuigawanya kwa kasi ya mtandao. Diski haimo. Lakini kabla ya kukabidhi mashine, seva ya awali ni lazima isubiri maombi yote ya diski yaliyo njiani yamalizike, kisha iamuru kila kilicho kwenye kache (hifadhi ya muda iliyo memorini) kiandikwe diskini. Diski ikiwa imelemewa, mashine hubaki imesimama sekunde kumi, thelathini, hata zaidi, na kikomo cha milisekunde 300 hakiwezi kuikatiza hatua hiyo kwa sababu hakikuihesabu.

Chukua seva ya Linux ambayo diski za mashine zake pepe zimewekwa katika hali ya `cache=writeback`. Mashine ikiandika, data hutua kwanza kwenye memori ya seva mwenyeji, na mashine huambiwa kazi imekwisha. Mipangilio ya kawaida ya Linux huruhusu data ambayo haijashushwa diskini ifike asilimia 20 ya memori inayopatikana kabla ya kuanza kuwazuia wanaoandika. Kwenye seva yenye gigabaiti 200 za namna hiyo, ni gigabaiti 40. Si zote zitakuwa za mashine moja, na kerneli huzishusha kidogo kidogo. Hata hivyo, gigabaiti 10 tu za mashine iliyokuwa ikipokea mafaili makubwa, zikishushwa kwenye diski inayoandika megabaiti 200 kwa sekunde, ni sekunde 50 za mashine iliyoganda. Mtu aliye upande wa pili wa skrini haelezwi kitu. Anaona ukurasa haufunguki.

Libvirt, programu ya kusimamia mashine pepe, ikikuta kache ya namna hiyo kwenye hifadhi isiyo salama kwake, hukataa kuhamisha na kutoa ujumbe wa kosa. Fundi mwenye haraka huongeza `--unsafe` na amri hupita. Hilo lisifanyike. Onyo lipo kwa sababu seva mpya inaweza kuwa na nakala ya zamani ya bloku zile zile kwenye kache yake, ikasoma kilichopitwa na wakati. Hapo tatizo si kasi tena, ni data kuharibika. Dawa ni `cache=none`, inayopita moja kwa moja hadi diskini bila kutumia kache ya seva mwenyeji. Kwa kawaida badiliko hilo hushika mashine ikizimwa kabisa na kuwashwa upya, kwa hiyo lipangwe katika matengenezo yanayotangulia, si asubuhi ya kuhama. Ikishindikana, punguza kiasi cha data kinachoruhusiwa kulundikana: `vm.dirty_bytes=1073741824` na `vm.dirty_background_bytes=268435456` huweka ukomo wa gigabaiti 1, na uandishi wa nyuma ya pazia huanza kwenye megabaiti 256. Kisha endesha `sync` kwenye seva ya awali muda mfupi kabla ya kutoa amri ya kuhamisha.

Wengi watajibu kwamba wao wana hifadhi ya pamoja inayofikiwa na seva zote kupitia mtandao, iwe NFS, iSCSI, Fibre Channel au Ceph, na kwa hiyo diski haihami, inayohama ni memori peke yake. Ni kweli diski haihami. Lakini kwenye ofisi nyingi, memori inayohama na maombi ya diski hupita kwenye kebo moja. Kebo ya gigabiti 10 hubeba kwa vitendo kama gigabaiti 1.1 kwa sekunde. Uhamishaji wa memori usiowekewa ukomo utachukua zote, maana umetengenezwa kwenda kasi kadiri njia inavyoruhusu. Maombi ya iSCSI yanayopita humo humo hukuta foleni kwenye swichi, bafa hujaa, pakiti hutupwa. Na hapa kuna jambo ambalo watu hulisahau: TCP ya Linux (itifaki inayosafirisha data mtandaoni), ikilazimika kungoja saa yake iishe kabla ya kutuma pakiti tena, husubiri angalau milisekunde 200. Diski iliyokuwa ikijibu kwa nusu milisekunde sasa inaweza kujibu kwa 200. Hiyo ni mara 400, na haiikumbi mashine inayohama peke yake. Kila mashine iliyo kwenye seva zote mbili, hata ile ambayo hakuna aliyeigusa, huanza kukwama.

Kwa maoni yangu hiki ndicho chanzo kinachostahili kuchunguzwa kabla ya kingine chochote, kwa sababu ni rahisi kukithibitisha na rahisi kukiondoa. Wakati wa uhamishaji wa majaribio, fungua `iostat -x 1` kwenye seva zote mbili na utazame safu za `r_await` na `w_await`, yaani muda wa wastani wa kusubiri kusoma na kuandika. Zikipanda dakika ile ile memori inapoanza kutiririka na kushuka inapokwisha, umepata jibu. Tenga kadi ya mtandao kwa ajili ya uhamishaji. Kama kadi ni moja, weka ukomo: `virsh migrate-setspeed` hupokea kipimo cha mebibaiti kwa sekunde, na kwenye kebo ya gigabiti 10 iliyobeba pia hifadhi, ukomo wa 400 ni mahali pazuri pa kuanzia. Angalia kipimo kwa makini. Programu nyingine huhesabu kwa megabiti na nyingine kwa kilobaiti, na fundi anayekosea hapo huweka ukomo mdogo mara nane, au hata mara elfu moja, kuliko alivyokusudia, halafu memori ikabadilika kwa kasi kuliko inavyopelekwa na uhamishaji usiishe kamwe.

Kwa wanaotumia Proxmox, mfumo mwingine wa kusimamia mashine pepe, kuna nyongeza. Kwa kawaida data ya uhamishaji hupita ndani ya SSH (njia ya mawasiliano yaliyosimbwa), na kusimba huko hubanwa na uwezo wa kiini kimoja cha prosesa. Kwenye mtandao wa ndani uliotengwa na kulindwa kweli kweli, `type=insecure` katika mpangilio wa uhamishaji huondoa kikwazo hicho. Kama mtandao huo unapitiwa na watu wengine, usiguse. Memori ya mashine ina nywila ndani yake.

Hifadhi ya pamoja ina mitego mingine inayojitokeza pale tu mashine inapotua. Tuseme seva ya awali imekuwa ikifikia hifadhi kwa njia nne. Seva mpya ina njia mbili zilizokufa na hakuna aliyejua, kwa kuwa haikuwa na mzigo. Endesha `multipath -ll` pande zote mbili na ulinganishe mstari kwa mstari. Kila njia isomeke `active ready running`. Angalia pia kipaumbele: kwenye hifadhi zenye kontrola mbili zinazotumia ALUA (utaratibu wa kuonyesha njia zipi ni bora), njia za kontrola inayomiliki diski huonyesha kipaumbele kikubwa, kwa kawaida 50, na za kontrola nyingine 10. Seva mpya ikiwa inaona zile za 10 peke yake, kila ombi litazunguka ndani ya hifadhi kabla ya kufika, na ucheleweshaji utaongezeka bila kosa lolote kuandikwa kwenye logi.

Kuna na ukubwa wa pakiti. Mtandao wa hifadhi ukiwa umewekwa MTU (ukubwa wa juu wa pakiti kwa baiti) ya 9000, swichi moja iliyobaki 1500 inatosha kuharibu kazi. Ubaya wake ni kwamba pakiti ndogo hupita: unaingia, unaona orodha ya mafaili, unaamini kila kitu kiko sawa. Kusoma na kuandika kwa wingi ndiko hukwama. Jaribu `ping -M do -s 8972` kutoka seva mpya kwenda anwani ya hifadhi. Namba 8972 ni 9000 ukitoa baiti 28 za vichwa vya IP na ICMP. Isipojibu, usihamishe kitu.

Nageukia sasa mashine zenye diski za ndani, ambako mzigo ni mkubwa zaidi. Hapa diski yenyewe lazima inakiliwe kwenda seva mpya huku mashine ikiendelea kuiandikia. Diski ya gigabaiti 500 kwenye kebo ya gigabiti 1, inayobeba kwa vitendo megabaiti 110 kwa sekunde, huchukua zaidi ya saa moja na robo. Kwenye gigabiti 10 watu hutarajia dakika saba au nane, lakini SSD ya SATA haivuki takribani megabaiti 550 kwa sekunde hata siku yake nzuri, kwa hiyo tegemea dakika 15 au zaidi. Na wakati wote huo diski ya awali inasomwa mwanzo hadi mwisho huku mashine nyingine zikiihitaji. Kama ni diski ya kuzunguka, ambayo kwa maombi yaliyotawanyika hutoa mia moja hivi kwa sekunde, usomaji huo peke yake unatosha kuziangusha.

Lakini muda si shida kuu. Shida ni uhamishaji ambao hauishi. QEMU huweka ramani ya biti inayoonyesha sehemu za diski zilizobadilika baada ya kunakiliwa, na kila biti kwa kawaida huwakilisha kilobaiti 64. Hifadhidata huandika vipande vidogo, tuseme vya kilobaiti 4, vilivyotawanyika. Kila kipande hicho huichafua sehemu nzima ya kilobaiti 64, na sehemu nzima ndiyo itakayopelekwa upya. Fanya hesabu. Maandishi 2,000 kwa sekunde ya kilobaiti 4 ni megabaiti 8 tu, kiasi ambacho mtu yeyote atasema kebo ya gigabiti 1 inakibeba kwa urahisi. Yakiangukia sehemu 2,000 tofauti, kinachotakiwa kupelekwa ni megabaiti 131 kwa sekunde, na kebo inabeba 110. Ni kujaza pipa lililotoboka. Asilimia ya kazi itafika 99 na kubaki hapo usiku kucha, na fundi ataendelea kuongeza kasi ya mtandao bila kujua kwamba anachohitaji ni kupunguza ukubwa wa sehemu au kubadilisha namna ya kunakili.

Namna hiyo ipo. Kwa libvirt, chaguo la `--copy-storage-synchronous-writes` huifanya kila data mpya iandikwe pande zote mbili kabla ya mashine kuambiwa kazi imekwisha. Hapo kunakili lazima kuishe, kwa sababu kilichobaki hakiongezeki tena. Gharama yake iko wazi: kwa kipindi chote cha kunakili, kasi ya mashine kuandika itakuwa kasi ya upande ulio mzito zaidi, pamoja na safari ya mtandao. Kwa mashine yenye hifadhidata ningechagua gharama hiyo kila mara, nikaifanya saa ambazo watumiaji ni wachache, kuliko uhamishaji unaoning'inia bila mwisho. Njia ya pili ni kuibana mashine yenyewe kwa muda kwa `virsh blkdeviotune` na `--write-iops-sec`, ukiweka tuseme maandishi 800 kwa sekunde, kisha kuondoa kibano mara inapotua. Kumbuka kukiondoa. Kibano kilichosahaulika huhama pamoja na mashine.

Mashine ikiwa na diski zaidi ya moja, kumbuka pia kwamba kila diski ni kazi ya kunakili inayojitegemea. Angalia kama ukomo uliouweka ni wa jumla au ni wa kila kazi. Diski tatu zenye ukomo wa 100 kila moja ni 300 kwenye kebo, na memori bado haijaanza.

Jambo lingine linaloshangaza watu ni ukubwa. Faili la diski lililotangazwa gigabaiti 500 lakini limetumia 80 tu linaweza kufika upande wa pili likiwa limejaa 500 kamili, kwa sababu sifuri nazo zimenakiliwa na kuandikwa kama data. Nafasi kwenye seva mpya huisha katikati ya kazi, na mashine zote zinazotegemea nafasi hiyo husimama kwa kukosa mahali pa kuandika. Kabla ya kuhama, endesha `fstrim -av` ndani ya mashine ili nafasi isiyotumika irudishwe, hakikisha diski yake imewekwa `discard=unmap`, na upande wa kupokea uweke `detect_zeroes=unmap`. Hata ukifanya yote hayo, acha nafasi huru ya kutosha diski nzima ilivyotangazwa.

Mashine imefika, amri imerudisha jibu la mafanikio, na watumiaji wanaanza kupiga simu. Kuna sababu kadhaa za kweli, na si vizuri kuzijibu kwa neno "subirini itatulia" bila kujua ni ipi kati ya hizo.

Ya kwanza hutulia kweli: kache baridi. Chochote ambacho seva ya awali ilikuwa imekikusanya, kuanzia kache ya kerneli, ARC (kache ya mfumo wa mafaili wa ZFS) hadi SSD ya kusomea, hakihami. Hata qcow2, muundo wa faili la diski wa QEMU, ina kache yake ya meza za L2, yaani ramani ya mahali kila kipande (klasta) kilipo. Ukomo wake wa kawaida kwenye Linux ni mebibaiti 32, na kwa klasta za kilobaiti 64 hutosha diski ya gigabaiti 256. Nayo huanza tupu, na kwa diski kubwa kuliko hapo haitoshi hata ikipata joto. Kwenye mifumo ambayo seva hizo hizo ndizo hifadhi, data inaweza kubaki kwenye seva ya awali na kila usomaji ukapita mtandaoni mpaka mfumo uisogeze.

Nyingine hazitulii. Kontrola ya RAID (kifaa kinachounganisha diski kadhaa) ya seva mpya ikiwa betri yake imekufa, huacha kutumia kache yake ya kuandikia na kupeleka kila kitu diskini papo hapo; ucheleweshaji wa kuandika hupanda mara nyingi na hautashuka mpaka betri ibadilishwe. Na kama diski za awali zilikuwa na sekta za baiti 512 na za seva mpya ni za 4,096, mashine pepe haijui, maana huwezi kubadilisha umbo la diski yake ikiwa kazini. Inaweza kuendelea kuandika vipande vya baiti 512, na kila mara seva au diski italazimika kusoma 4,096, kubadilisha kipande, na kuandika zote upya. Linganisha kwa `lsblk -o NAME,LOG-SEC,PHY-SEC` kabla ya siku hiyo.

Bakapu ya usiku unaofuata nayo iangaliwe. Baadhi ya programu za bakapu hupoteza orodha ya bloku zilizobadilika mashine ikihama, zikalazimika kusoma diski nzima. Mashine ishirini zilizohama mchana mmoja zinaweza kuijaza hifadhi usiku mzima.

Kuna wakati diski hulaumiwa bure, na ni haki kulisema hilo pia. Mashine ikichafua memori haraka mno, QEMU inaweza kuwekwa ipunguze prosesa yake ili kunakili kuikute: huanza kwa kuinyima asilimia 20, huongeza 10 kila hatua, hadi 99. Mashine iliyonyimwa prosesa kiasi hicho huona diski ni nzito, kwa sababu hata kupokea jibu la diski kunahitaji prosesa. Vivyo hivyo kwa njia inayoanza kuendesha mashine upande wa pili kabla memori haijafika yote: kurasa zinavutwa moja moja kupitia mtandao, na hifadhidata ambayo data yake ilikuwa memorini hujikuta ikingoja. Kutofautisha ni rahisi. Pima `await` ndani ya mashine na kwenye seva mwenyeji kwa sekunde ile ile. Ndani ikisema milisekunde 80 na nje ikisema 1, diski haina kosa. Zikikaribiana, tatizo liko chini. Na usitegemee safu ya `%util` (asilimia ya muda ambao diski ilikuwa na kazi) kwenye SSD au hifadhi kubwa. Hutumikia maombi mengi kwa pamoja, kwa hiyo asilimia 100 haimaanishi zimefika mwisho.

Kuhusu idadi, watengenezaji hawakuweka mipaka kwa kubahatisha. VMware huruhusu uhamishaji wa memori 4 kwa wakati mmoja kwa kila seva kwenye gigabiti 1 na 8 kwenye gigabiti 10, lakini uhamishaji wa diski ni 2 tu kwa seva. Hyper-V ya Microsoft huanza na 2 kwa memori na 2 kwa diski. Anayetaka kuiondoa seva nzima kazini asiongeze namba hizi ili awahi chakula. Ahamishe kwanza mashine nyepesi, zenye hifadhidata ziwe za mwisho na moja moja.

Ndugu Mhariri, ninachoomba kwa wakuu wa ofisi ni kwamba fomu ya kibali isiwe na sentensi ya "hakutakuwa na usumbufu". Iandikwe namba: ukubwa wa diski na memori, kasi ya kebo na ukomo uliowekwa, maandishi kwa sekunde ya mashine saa ya shughuli nyingi, na muda unaotarajiwa. Wastani peke yake haufai. Maombi 99 ya milisekunde 1 na moja la sekunde 2 hutoa wastani wa milisekunde 21 unaopendeza, na lile moja ndilo linalokata huduma. Seva mpya ipimwe ikiwa bado tupu, kwa `fio`, programu ya kupima diski, yenye `--rw=randwrite --bs=4k --direct=1` kwa dakika kadhaa, na tena kwa `--rw=write --ioengine=sync --fdatasync=1` ili kuona muda wa kuthibitisha maandishi. Iandikwe pia hatua ya kusitisha: nani atatoa `virsh domjobabort`, na `w_await` ikifika ngapi. Kabla ya makabidhiano, kusitisha hakuna hasara kubwa, mashine hubaki ilikokuwa. Kwa ile njia ya kuvuta memori baadaye, mara mashine ikishaamka upande wa pili hakuna kurudi, na mtandao ukikatika hapo mashine inaweza kupotea.

Na kuna mashine ambazo hazistahili kuhamishwa hivi kabisa. Kwenye etcd, hifadhidata inayotunzwa na seva kadhaa (wajumbe) kwa pamoja, kwa kawaida kiongozi hupeleka mapigo kila milisekunde 100, na wenzake wakikosa kumsikia kwa milisekunde 1,000 huitisha uchaguzi. Kwa mashine kama hiyo, kusimama sekunde 5 wakati wa makabidhiano ni sawa na kufa, kisha inarudi ikiwa na diski baridi isiyotimiza milisekunde 10 za kuthibitisha maandishi ambazo etcd huhitaji. Hifadhidata zenye nakala kwenye seva nyingine ziko vivyo hivyo. Njia salama ni kuhamisha uongozi kwa mjumbe mwingine, kuizima mashine kwa utaratibu, kuiwasha kwenye seva mpya, kungoja nakala yake ya data ilingane na ya wenzake, ndipo kuanza na inayofuata. Huchukua muda mrefu zaidi kwenye karatasi, na watumiaji hawakatikiwi na huduma.

Wako,
Fundi wa seva na hifadhi za data